Fimbo ya Kuvulia: Je, Uti wa Ufito Una Uzito Gani?

Miongoni mwa watu wanaojitengenezea fimbo za kuvulia samaki kuna mgogoro wa siku nyingi, nasi tuliukuta ukitungoja nyumbani kwetu kabla hatujafungua hata kopo la gundi. Mgogoro wenyewe ni huu. Ufito mtupu, yaani mwili wa fimbo kabla haujatiwa mpini, rili na pete za kupitishia mshipi, huwa na upande mmoja mgumu zaidi kuliko pande nyingine. Mafundi huuita upande huo uti. Wapo wasemao kwamba fundi asiyeutafuta uti na kuzipanga pete kwa kuufuata, ametengeneza fimbo itakayojisokota mkononi siku samaki mkubwa atakapoimeza ndoana. Wapo pia wasemao kwamba uti upo, lakini athari yake ni ndogo mno, na kwamba fundi anayo mambo mazito zaidi ya kuangalia. Tumeona tuliandike suala hili katika kurasa za familia kwa sababu kwetu lilikuwa la familia: aliyekuwa akiingoja fimbo ni baba yetu, na mwenye kauli ya kwanza juu yake alikuwa ami yetu.

Baba amevua kwa mshipi wa mkono tangu ujana wake, kama walivyovua wazee wengi wa pwani: mshipi, chubwi, ndoana na chambo, basi. Mshipi wa mkono hauhitaji fimbo. Vidole vyenyewe ndivyo fimbo. Lakini vidole hivyo sasa vimevimba viungo, na mshipi mwembamba ukivutwa na samaki humkata bila yeye kuweza kuukaza wala kuulegeza kwa wakati. Daktari hakumkataza kwenda gatini. Alichomkataza ni kuuzungusha mshipi kiganjani. Ndugu yetu mmoja afanyaye kazi Maskati alipokuja likizo alituletea ufito wa nyuzi za kaboni, mrefu kidogo kupita mita 2, na seti moja ya pete. Ami naye akatoa rili yake ya ngoma, ile inayokaa juu ya fimbo, akasema baba aitumie.

Hivyo tulikuwa na ufito mmoja, seti moja ya pete, na mzee mmoja mwenye mkono dhaifu. Gundi ya epoksi ikishakauka haibanduki kwa urahisi bila kuuchubua ufito, na ufito uliochubuka huvunjika pale pale ulipochubuka. Aidha, fimbo inayojisokota si kero tu kwa mtu wa hali ya baba. Mtu mwenye mkono imara hukaza kiganja, akaishikilia. Mwenye viungo vilivyovimba ama ataumia kifundo, ama ataiachia fimbo iende baharini na samaki wake. Hilo ndilo lililotufanya tusiridhike na jibu la "ndivyo ifanywavyo".

Ami yetu si mtu wa kubahatisha. Alifanya kazi miaka mingi katika boti zinazowachukua wageni kuvua bahari kuu, na fimbo nyingi zilizovunjika zilipitia mikononi mwake zikarudi kazini. Jioni ile baada ya Alasiri aliushika ufito wetu, akaegemeza kitako chake juu ya meza, akaiweka ncha kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaubonyeza katikati huku akiuviringisha. Ufito ulizunguka kidogo, kisha ukaruka na kutulia upande mmoja, kama mtu anayegeuka kitandani akapata ubavu anaoupenda.

"Mmeona, wanangu?" akasema. "Hapo ndipo uti ulipo. Tieni alama. Pete zifuate alama hiyo, msizipeleke kwingine."

Tulitia alama kwa kalamu ya chaki. Kisha tukamwomba ruhusa tufanye subira siku chache kabla ya kuzifunga pete, naye akaridhia.

Ili msomaji auelewe uti, yafaa aujue ufito unavyozaliwa. Kiwandani huchukuliwa kitambaa cha nyuzi za kaboni kilichokwisha kulowekwa utomvu maalumu, kikakatwa mfano wa bendera ndefu, pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Kitambaa hicho huzungushiwa kalibu ya chuma iliyochongoka kama sindano kubwa, kikaviringishwa kwa mgandamizo, kikafungwa utepe wa plastiki kukibana, kisha kikaingizwa katika tanuri mpaka utomvu ukawa mgumu. Kalibu huchomolewa, utepe hubanduliwa, na kinachobaki ni mrija mwembamba mwepesi. Sasa, kitambaa chochote kinachozungushiwa kitu kina mahali kinapoanzia na mahali kinapoishia. Hapo ukuta wa mrija huwa mnene zaidi kwa unene wa tabaka moja. Hapo ndipo chanzo kikubwa cha uti. Kwa hiyo anayesema uti haupo hasemi kweli; upo, na una sababu inayofahamika.

Imani ya kuutafuta uti nayo ina historia. Zamani, katika karne ya 19, mafundi wa Marekani kama Hiram Leonard walitengeneza fimbo bora kwa kupasua mianzi, wakachonga vipande sita vyenye pembe tatu na kuvigandisha pamoja. Fimbo hiyo ilikuwa na pande sita bapa, na fundi aliyeijua kazi yake alichagua kwa jicho upande gani uwe juu. Katika miaka ya 1940 Arthur Howald, naye wa Marekani, alibuni fimbo ya nyuzi za kioo, na kampuni ya Shakespeare ikaiuza kwa wingi. Nyuzi za kaboni zilizotokana na utafiti wa miaka ya 1960 katika kituo cha ndege cha Farnborough, Uingereza, zikaingia katika fimbo miaka ya 1970. Vitambaa vya kioo vya mwanzo vilikuwa vinene, na tabaka moja likizidi upande mmoja, tofauti ilihisiwa kwa mkono. Mafundi wa wakati ule walikuwa na sababu ya kuuangalia uti. Vitambaa vya leo ni vyembamba sana, na tofauti hiyo imepungua kadiri vilivyozidi kuwa vyembamba. Lakini mafunzo ya mwanzo yalibaki yakirithiwa kama yalivyo.

Kuna jambo la pili ambalo tuliligundua kwa kuutazama ufito wenyewe. Tuliuelekeza kwenye mwanga wa dirisha, kitako kikiwa karibu na jicho, tukauzungusha polepole. Haukuwa umenyooka kabisa. Ulikuwa na upinde mdogo sana kuelekea ncha, kama upinde wa unyasi mrefu uliokomaa. Fito chache mno hutoka tanurini zikiwa zimenyooka kabisa. Basi pale ami alipoubonyeza na ukaruka, ni kitu gani kilichouviringisha: ule unene wa tabaka moja, au ule upinde? Ufito uliopinda kidogo ukibonyezwa hupenda kupinda zaidi kule ulikokwisha elekea. Jaribio la kuviringisha halitenganishi mambo hayo mawili; huyachanganya na kutoa jibu moja.

Tena fikiri hivi, ndugu msomaji. Ukibandika kipande cha ukanda juu ya mrija, mrija unakuwa mgumu zaidi kupinda juu, na kwa kiasi kile kile unakuwa mgumu zaidi kupinda chini, kwa maana ukanda huo huo mmoja ama unavutwa au unasukumwa. Ugumu wa mrija hauko upande mmoja peke yake. Uko katika mstari mzima wa juu na chini. Kwa hiyo mabishano makali ya mafundi, kwamba uti uwekwe juu kwa rili ya aina hii na chini kwa rili ya aina ile, hayana nguvu kubwa yakitazamwa kwa mizani ya ugumu peke yake. Kinachoutofautisha upande wa juu na wa chini katika lile jaribio la meza ni upinde.

Lakini hoja ni hoja, na mzee wetu alitaka kuona. Tukapanga jaribio kwa vitu vya nyumbani. Tulifunga kwa kamba juu ya meza kipande cha bomba la plastiki, laini ndani, pana kiasi cha kitako cha ufito kuzunguka humo bila kukwama. Pete tulizishikiza kwa utepe wa gundi wa wapaka rangi, ambao hubanduka bila kuacha alama. Mshipi tuliufunga karibu na pale rili ingekaa, tukaupitisha katika pete zote hadi nchani, na mwisho wake tukauning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ami alikaa kitini pembeni, baba akiwa karibu yake, na watoto wakajaa mlangoni.

Kwanza tulijaribu bila pete: chupa ikafungwa moja kwa moja kwenye ncha ya ufito. Ufito ulijigeuza taratibu ukatafuta ubavu wake, kama alivyosema ami. Basi uti, pamoja na upinde, vina kauli. Lakini kauli yao ilikuwa ya upole. Kidole kimoja cha mtoto kilitosha kuuzuia usigeuke.

Kisha tukazishikiza pete juu ya ufito, zikiifuata alama ya ami barabara, na mshipi ukapita juu. Tulipoachia chupa, ufito ulitulia kitambo kidogo, kisha ukapinduka kwa ghafla, pete zikaja chini. Tukazihamisha pete upande ulio kinyume cha alama, nazo zikiwa juu vile vile. Ukapinduka. Tukaziweka ubavuni mwa alama, zikiwa juu. Ukapinduka. Hatimaye tukaziweka pete chini ya ufito, tukajaribu kila upande wa alama, mmoja baada ya mwingine. Mara zote fimbo ilitulia, wala haikutaka kugeuka hata tulipoisukuma kwa mkono, ilirudi yenyewe.

Sababu yake si ngumu. Mshipi uliobeba mzigo huzikandamiza pete kuelekea chini. Pete zikiwa juu ya ufito, mzigo umesimama juu ya shina jembamba, mfano wa mtu anayesimamisha ufagio juu ya kiganja: ukiegama kidogo tu, uzito wenyewe unaumalizia kuanguka. Na kadiri pete inavyokuwa ndefu, ndivyo mshipi unavyokuwa mbali na ufito na ndivyo unavyopata nguvu ya kusokota. Pete zikiwa chini, mzigo unaning'inia, mfano wa ndoo iliyoshikwa kwa mshikio wake. Ndoo hutikisika, lakini haijipindui. Mbele ya nguvu hiyo ya pete, uti ni sauti ndogo katika soko.

Ami alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo kwetu lilikuwa zito kuliko jaribio lote: "Sasa mimi miaka yote nilikuwa naona nini? Maana fimbo nilizozifunga kwa kufuata uti hazikujisokota, na wenyewe walizisifu."

Swali hilo lilistahili jibu la adabu na la kweli, na kwa bahati njema ya kweli ilikuwa na adabu ndani yake. Tulimwomba atueleze ni rili za aina gani zilizokuwa katika fimbo hizo. Akasema nyingi alizofungiwa kazi zilikuwa za rili zile zinazoning'inia chini ya fimbo. Naam, fimbo za rili hizo pete zake zote hukaa chini. Zilikuwa zikitulia kwa sababu hiyo, uti ukiwa popote. Isitoshe, kwa kuviringisha kila ufito na kuufuata ubavu wake, ami alikuwa anauweka upinde wa ufito katika mstari wa juu na chini, usije ukalala pembeni. Na fimbo ambayo upinde wake hauendi pembeni humpendeza macho mwenye nayo na hutupa chambo pale alipokusudia. Alichokiona kilikuwa sahihi. Kazi yake ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni kutenganisha sababu mbili zilizokuwa zikitembea pamoja siku zote.

Tunalisema hili kwa sababu ndipo penye faida kubwa zaidi, kuliko habari ya fimbo. Kijana anapotofautiana na mzee katika jambo la ufundi, njia mbili humjia haraka: kunyamaza kwa heshima huku kazi ikiharibika, au kuleta maneno yaliyosomwa mahali na kumtupia mzee usoni. Zote mbili huacha jeraha. Jambo linalopimika lina njia ya tatu, nayo ni kulipima mbele ya wote, kwa mikono ya wote, kisha kuitafuta ile sehemu ya kweli iliyokuwa katika kauli ya mzee. Mara nyingi ipo, kwa kuwa mtu hashiki jambo miaka ishirini pasipo kuona chochote. Penye wazee haliharibiki neno, lakini nao wazee huhitaji kuletewa jambo lenyewe walione.

Ikabaki shida ya rili ya ngoma, ambayo hukaa juu, nasi hatukutaka kuikataa zawadi ya ami. Mafundi wa Marekani wamekwisha kulitatua hilo: pete ya kwanza iliyo karibu na rili huwekwa juu, inayofuata hushuka ubavuni, ya tatu hukaribia chini, na zilizobaki zote hadi nchani hukaa chini. Mshipi unazunguka ufito taratibu kama ngazi ya mnara, kisha unaning'inia. Aliyezitazama zilivyopangwa aliguna, maana machoni mwa aliyezoea fimbo za dukani huonekana kama kazi iliyokosewa. Tulizishikiza kwa utepe, tukaning'iniza ile chupa, na fimbo ikatulia. Ami mwenyewe ndiye aliyeamua: "Fungeni hivyo hivyo."

Tulizifunga pete kwa uzi wa nailoni, tukazipaka gundi, na kwa kuwa gundi hiyo hutiririka isipozungushwa, watoto walipokezana kuigeuza fimbo robo mzunguko kila baada ya dakika chache mpaka ikashika. Ule upinde mdogo tuliuelekeza juu, ili uzito wa pete uuvute kuelekea kunyooka. Mara ya kwanza baba alipokwenda nayo gatini alipata kolekole wa wastani, na tuliokuwa nyuma yake tuliyakazia macho mikono yake kuliko maji. Kiganja hakikukaza. Fimbo ilipinda, mshipi ukalia, naye akawa anaizungusha rili bila haraka. Alisema tu, "Hii haigombani na mkono wangu," akaomba chambo kingine. Mwenyezi Mungu amzidishie afya.

Kwa familia itakayopenda kujaribu kazi hii, twaona mpangilio unaofaa ni huu. Kwanza, utazame ufito kwenye mwanga na utafute upinde wake. Uweke juu au chini, usiuache ubavuni. Viwanda vingi navyo hufanya hivyo na havihangaiki na uti. Pili, ukipenda utafute uti na uutie alama. Haudhuru kitu, na kuujua ni sehemu ya kuujua ufito wako. Lakini uti ukikuelekeza upande mmoja na unyoofu ukakuelekeza upande mwingine, fuata unyoofu. Tatu, amua pete zikae wapi kwa kuzingatia nguvu za mkono wa atakayeishika fimbo. Kijana mwenye kiganja imara anaweza kuvua maisha yake yote na pete za juu bila kuona tabu. Mzee, mtoto na mgonjwa pete ziwe chini, au zizungushwe kushuka chini. Nne, shikiza kila kitu kwa utepe, pindisha ufito kwa uzito, na uone mshipi unafuata mkunjo wake bila kuugusa mwili. Samaki mkunje angali mbichi. Na fimbo nayo hunyooshwa kabla gundi haijakauka.

Na anayepewa kauli ya fundi aliyemtangulia, kama tulivyopewa sisi, aipokee kwa mikono miwili, kisha aning'inize chupa ya maji.